Gunzi, Koki na Kifuniko cha Kuzungusha

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimeosha chupa kumi na mbili. Majivu, maji moto, majivu tena. Mgongo unalia. Divai ya nanasi na asali imekaa mtungini wiki tatu, inanukia mpaka Mama Zainabu wa mlango wa pili anageuza uso akipita. Yeye ni Mwislamu, hanywi. Lakini asali ni yake na chupa ni zake. Nilimwambia dhambi tumegawana. Alicheka mpaka leso ikaanguka.

Ni ya ruracio, yaani mahari, ya mjukuu wangu Kamau. Jumamosi ya tarehe kumi na saba tunapeleka kinywaji Ruiru kwa kina Wanjiru, mchumba wake. Kamau nimemlea tangu mama yake atuache. Wanjiru nampenda. Anacheka na meno yote.

Chifu ametoa barua ya ruhusa ya kupika. Nimeisoma mwenyewe. Tangu nitoke gumbaru, darasa la watu wazima, nasoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia mandazi.

Jumanne, 6 Agosti

Kamau amerudi kutoka Ruiru na uso wa matanga. Baba ya Wanjiru, Mzee Ndung'u, alibeba sinia katika hoteli ya Nairobi miaka thelathini. Sasa anajua divai kuliko aliyeipika. Amesema divai bila koki, kile kizibo cha gome la mti kinachotoka ng'ambo, ni soda. Ya kifuniko cha kuzungusha ni ya walevi wa kando ya barabara.

Na gunzi la mahindi? Alicheka tu.

Alicheka gunzi langu! Miaka hamsini naziba vibuyu kwa gunzi. Nimepasua kuni za wiki nzima kwa hasira.

Jumatano, 7 Agosti

Koki hakuna Thika yote. Kamau amezunguka maduka, ameziona tu zikiwa ndani ya chupa za watu.

Mama Zainabu ameleta vifuniko vyake vya chupa za asali. Eti siafu hajawahi kuingia. Akaniita nyanya kwa Kikuyu: "Cucu, gunzi ni la kuku." Nikamwambia aende akae na asali yake. Hakuenda. Tumeziba pamoja: sita gunzi, sita kifuniko. Tuone nani mwongo.

Alhamisi, 8 Agosti

PAA! Nilikuwa namenya viazi. Nikafikiri ni bunduki. Kumbe ni chupa moja ya kifuniko imepasuka stoo. Vioo ndani ya maharagwe.

Kinywaji kilikuwa bado kinapumua na sisi tumekifunga pua. Gunzi linaacha pumzi itoke. Nilijua!

Nimefurahi. Sana. Nimemwita Mama Zainabu aje aone, nikamchezea ngoma kidogo hapo mlangoni. Si vizuri. Nimecheza tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mungu hachelewi. Chupa tatu za gunzi zimevuja. Nzi wadogo wamo ndani wanaogelea. Nimeonja. Siki.

Mama Zainabu alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Na leo hatuchezi?"

Mbaya huyo. Nimecheka nikitaka kulia. Zimebaki nane. Nikipeleka siki Ruiru, watasema kijana asiye na mama hana wa kumpikia. Hilo neno sitaki Kamau alisikie. Ndilo tu naogopa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimemeza gunzi langu. Zote nane sasa ziko na kifuniko. Lakini kwa akili yangu: kila asubuhi nalegeza kila moja, inasema sssss, nafunga. Kama mtoto aliyeshiba, mpaka umcheushe. Mama Zainabu anashika chupa, mimi nazungusha. Vidole vinauma na hii baridi.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo hazikusema kitu. Kimya. Nimekaza. Nimeonja kwanza. Tamu, kali, safi. Mzee Ndung'u na koki yake wataniambia.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumerudi. Miguu imevimba, moyo pia.

Tulipeleka saba. Mzee Ndung'u alikuwa na koti na tai. Mbele ya wazee wote akatoa mfukoni kizibuo chake cha hoteli, chuma cha kuchomolea koki, kinang'aa, akakizungusha juu watu wakione. Nikaweka chupa mezani. Akatafuta koki ya kuchoma. Hakuna.

Kamau anaangalia viatu.

Nikasema, "Mkwe, koki sikupata. Hii nimeiamkia kila asubuhi kama mtoto mchanga."

Akasema, "Sasa nifungue na nini?"

Wanjiru alikuwa ameshaitwa. Kwetu kinywaji hakinyweki mpaka msichana aulizwe, aonje, ampe baba yake. Siku zote mwanaume ndiye anafungua, anamimina, anamwekea mkononi. Lakini mwanaume alikuwa amesimama na chuma chake. Wanjiru akachukua chupa. Akazungusha mara moja. Krrk. Akajimiminia mwenyewe kwenye pembe ya kunywea. Hakuonja. Alikunywa nusu! Akampa baba yake. "Baba, nyweni."

Vigelegele! Nafikiri Thika walisikia.

Mzee akacheka, akarudisha kizibuo mfukoni, akanywa pembe tatu. Kasoro ni koki tu, akasema. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kumpikia nyingine.

Jumapili, 18 Agosti

Manyunyu. Nimeamka polepole. Magunzi nimepeleka kwa kuku wa Mama Zainabu. Ametabasamu tu, mbaya huyo.

Nimekumbuka ruracio yangu. Mjomba alichomoa gunzi, akaniletea pembe mpaka mdomoni. Nikameza. Guka, mume wangu, alikuwa mtu mzuri, silalamiki. Lakini mkono wangu haukugusa kibuyu.

Chupa moja ilibaki hapa. Nimeizungusha. Vidole vimeuma, imefunguka. Nimejimiminia kidogo, nimekunywa nikiangalia mvua.

Kisha nimefunga.