Mmea wa Mama Uko Kaburini

Shoga, acha unachofanya usome.

Unajua tangu siku tuliyomzika mama sijagusa bustani yake. Ile mimea ya majani manene inayotambaa kwenye mawe haidai maji wala mbolea, nikaiacha ijitunze.

Wiki hii naona imevunjwavunjwa. Nikasema ni yule jirani wa geti la bluu tu, aliyenuniana na mama mpaka mama akafa.

Leo nimeenda makaburini. Mmea ule ule umetanda juu ya kaburi la mama! Nikajua nimerogwa.

Mara jirani huyo anakuja na kopo la kokoto. Nikamfokea, "Umeiba kwa mama, unamfanyia nini huku?"

Hata hakushtuka. "Mwanangu, kipande hiki ukikichomeka kwenye kokoto kinashika. Maji mengi ndiyo huuozesha mmea huu. Nimechagua mmea usiohitaji mtu wa kuutunza, maana sijaona mtu akija."

Sijaona mtu akija! Mbele ya mchimba makaburi aliyekuwa akilima kando yetu!

Nikamuuliza, "Si mlikuwa hamsemezani?"

"Ndiyo. Na bado sijamsamehe."

Nilikosa pa kuuweka uso, shoga.

Kokoto hazikutosha. Sasa hivi najaza ndoo, kesho asubuhi tunaenda naye.