Hodi kwa Mama

Likoni, Jumanne

Na bado dada yangu ananipigia simu kutoka Changamwe kuniambia nimlazimishe. Aje yeye amlazimishe! Siku ya tatu hii Mama hataki chakula wala dawa ya maumivu, kwa kuwa hauamini mkono wangu. Hanitambui tena; ananiita "yule mwanamke aliyeingia nyumbani kwangu."

Daktari alishasema saratani haitapona. Hilo nimelikubali. Ninachoogopa ni Mama kufa na njaa, huku ananiogopa mimi, mwanawe.

Leo asubuhi nilikuwa nimechoka kabisa. Nikavaa buibui, nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka hadi barazani, nikabisha.

"Hodi!"

"Karibu," akaitika, kwa sauti yake ile ya zamani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Uje kwangu uondoke hivihivi?"

Akaniamuru ninywe uji uliokuwa mezani. Nikamwambia naona haya kunywa peke yangu. Basi akanywa na mimi, wallahi, bakuli zima. Dawa nikasema ni zawadi niliyomletea, naye akainywa. Mama hajawahi kukataa kitu cha mgeni.

Kisha akanishika mkono. "Mamako hajambo?"

Nikajibu, "Hajambo. Leo amekula."

"Alhamdulillahi. Msalimie sana. Na kesho uje tena."

Nitakuja, inshallah. Buibui nimelitundika pale pale, karibu na mlango wa nyuma.