Kapu la Mama Shija na Bei Iliyogeuka Mchana

Ipuli, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile simu niliyokukatia juzi ukiwa bado unaniuliza kama nimekula. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua imefika, au Kaka Hamisi ameisahau kwa watu wa basi kama kawaida yake? Na korosho huko Newala, zimeanza kudondoka? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwenye simu ungeanza kulia, mimi ningeanza kufoka, na Hamisi angeweka sauti ya nje nyumba nzima isikie nusunusu. Hili nataka ulipate lote.

Duka ninalofanyia kazi unalijua kwa kulisikia tu, kwa hiyo nianzie hapo. Lilikuwa la Mzee Gulam, Mhindi wa hapahapa Tabora, anayekijua Kinyamwezi kuliko vijana wengi wa mjini. Babu yake aliwauzia wapagazi vitambaa enzi hizo watu wanakwenda Ujiji kwa miguu. Sasa amelikodisha kwa kampuni ya Dar, wameligeuza supamaketi, yeye wamembakizia kiti karibu na mlango. Lakini duka lina desturi yake. Wanawake wa kijiji cha Puge wanakuja asubuhi na karanga zao, na kabla ya kwenda kuuza sokoni wanapita kwetu kuuliza bei. Ukishamtajia, mama anaacha kapu tupu kwenye rafu, mbele ya kitu anachokitaka. Maana yake mmekubaliana. Anakwenda kuuza, anarudi, anakuta bei ni ileile mpaka duka linafungwa. Mzee Gulam mwenyewe ndiye aliyenifundisha nilipoanza kazi. "Kapu likishakaa, binti, wewe umeshasema. Hata sukari ikipanda, hiyo ni shida yetu, siyo yake."

Basi kampuni ikaleta vibao vipya vya bei. Si karatasi tena, ni vijiskrini vidogo kama kiberiti, vimebanwa kwenye ukingo wa rafu, na vinaendeshwa na mfumo wa kompyuta ulioko Dar. Mtu anabonyeza kule, bei inageuka huku. Juu ya mlango wakatundika skrini kubwa inayoandika kutwa nzima: BEI ZETU HAZIDANGANYI. Meneja wetu, Bwana Deo, kijana wa Dar, alitukusanya akasema, "Wadau, kuanzia leo hakuna longolongo. Mfumo haukosei." Nilimuuliza, na makapu je? Alicheka mpaka akashika kaunta. "Kapu na mfumo wapi na wapi, dada?" Akaenda zake, kicheko bado kinamtoka.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Shija wa Puge. Huyu mama, tangu nifike Tabora, ndiye aliyekuwa ananiletea karanga mbichi bila kuniuzia, akisema msichana wa watu hawezi kukaa mbali hivi na kwao halafu akose wa kumletea chochote. Alikuwa anamuoza binti yake. Alitaka mafuta ya kupikia, madumu ya shughuli nzima. Nilimsomea bei kwenye kijiskrini, akapiga hesabu zake kimoyomoyo, akaweka kapu mbele ya madumu, akaenda sokoni. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, karanga zake aliziuza kwa bei ya kutupa, ilimradi zitoshe mafuta.

Aliporudi mchana aliinua kapu. Chini yake, kile kijiskrini kilikuwa kinaonyesha bei nyingine, kubwa. Na kaunta nayo ikadai hiyohiyo.

Mama, sijawahi kuangaliwa vile. "Somoe, asubuhi umenichekea, mchana unanila?" Nilimwambia sijagusa kitu. Watu walikuwa wameshajaa. Mama mmoja akasema hata yeye juzi alitajiwa hivi akalipa vile, mwingine akadakia, na Mama Shija akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Kumbe! Ile ziada ya wote hawa unakula wewe."

Bwana Deo akaja. Nikashukuru Mungu, nikajua sasa atasema. Akasema, tena kwa upole, mkono kifuani, "Mama, tunaomba radhi. Mfumo wetu haukosei. Huyu dada alikutajia bei yake mwenyewe."

Bei yangu mwenyewe! Nilinyamaza, Mama. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani hajui, nikasema moyoni nitamweleza ofisini, atatoka kunisafisha. Mama Shija akanunua madumu ambayo hela yake ilifikia, mengine akayaacha, na shughuli ya binti yake ikapikwa hivyohivyo.

Ofisini nilikuta anajua kila kitu. Alikuwa ameegemea kiti, anakula chipsi. "Najua, Somoe. Dar walipandisha saa sita. Lakini nikiwaambia wateja bei inageuka wakiwa sokoni, nani atarudi? Wewe ni mtu mmoja. Watasahau." Halafu akanipa sharti. Jumamosi, siku wanawake wa Puge wanapojaa, nishike ile maiki ya kutangazia ofa, niseme kosa lilikuwa langu. Nikisema, atanihamishia stoo na kazi ninabaki nayo. Nisiposema, nisirudi Jumatatu.

Nikamwendea Mzee Gulam kwenye kiti chake. Sikumwomba makubwa. Nilimwomba asimame siku hiyo aseme desturi ya kapu ni yake, na kwamba mimi nilifanya alichonifundisha. Akaangalia kofia yake magotini. "Binti, mimi humu sina sauti tena." Mama, nina hasira na Deo, lakini Deo amekuja juzi na kesho atahamishwa. Huyu mzee wanawake wale amewaona tangu wamebebwa mgongoni. Wanamsalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kila asubuhi naye anawaitikia. Neno moja tu la kwake lingetosha, na hakulitoa. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi.

Jumamosi nikashika maiki. Deo alisimama pembeni akitabasamu. Nikasema, "Ndugu wateja, mimi ni Somoe, niliyeitwa mwizi humu ndani. Bei ya mafuta nilimsomea Mama Shija kama ilivyoandikwa asubuhi. Mchana ilipandishwa na ofisi ya Dar, na meneja anajua." Hapo akanichomolea waya. Waliokuwa karibu walisikia. Wa nyuma, kwenye mchele na sabuni, waliona mdomo wangu ukicheza tu. Nikarudia kwa kupiga kelele mpaka mlinzi akanishika mkono. Mzee Gulam alikuwa ameinama vilevile.

Nje Mama Shija alinifuata. Nilidhani atanikumbatia. Alisimama mbali kidogo, akaniuliza, bila ugomvi, "Mbona siku ile hukusema?"

Hakungoja jibu. Alijitwika mzigo wake akaenda kituoni.

Kwa hiyo kazi sina, Mama. Kodi ya chumba nimeshalipa, nitabaki hapa Ipuli mpaka nipate nauli kwa kushonea watu, halafu nitakuja. Usiuze mbuzi kwa ajili yangu, nakuomba kabisa.

Nisalimie Bibi, na umwambie nikija nitamsuka. Mjomba Saidi fundi baiskeli naye nisalimie, ingawa najua atasema alinionya nisiende mbali. Wifi yangu Zainabu mwambie mtoto nitamwona akiwa bado anatambaa, inshallah. Hamisi mpe salamu zake, na akikusomea barua hii asiruke mahali.

Sasa lililobaki. Najua ulivyo, Mama, unapenda kunifunika. Mama Tatu jirani akiuliza kwa nini nimerudi, utataka kusema nimeugua, au mkataba umeisha, halafu ukweli usemwe baadaye mambo yakitulia. Usifanye hivyo. Mwambie nimefukuzwa kazi, umweleze na sababu, na umwambie siku hiyohiyo anayouliza, hapohapo mlangoni, kabla hujamkaribisha kukaa.

Mimi mwanao,
Somoe