Giza la Upande wa Nyuma

Mpendwa dada Rehema,

Shikamoo. Hutaitikia, lakini mama angenigomba nikikuandikia bila salamu.

Unakumbuka siku ya kliniki nilipokuletea ile mashine yetu ya ultrasaundi ya kushika mkononi? Akina mama walijaa zahanati yako mpaka nje, wengine wametembea tangu alfajiri. Betri ikaisha kwa mama wa sita. Ukanikazia macho.

"Sasa hawa wengine warudi na matumbo yao? Wewe mhandisi gani? Niletee kitu kitakachofika mpaka kwa mama wa mwisho!"

Wakacheka, nami nikacheka, ila iliniuma.

Nikarudi kazini na hasira zangu. Kilichokula betri kuliko vyote kilikuwa kipande nilichokibuni mimi, saketi inayopokea mwangwi kutoka tumboni na kuugeuza kuwa namba, ili kioo kichore picha. Nikaipunguzia umeme. Lakini ukiipunguzia umeme ovyo inapima kwa vipimo vikubwa tu, kama mnunuzi wa alizeti anayepima kwa debe: kisichojaza debe, kwake si kitu. Mwangwi mkubwa ulihesabiwa. Mdogo, unaotoka ndani kabisa kuelekea mgongoni, ukawa sifuri. Mezani niliijaribu kwa mfuko wa jeli usio na kina, picha ikatoka safi, nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu.

Safari hii betri ilidumu kliniki nzima. Mama wa mwisho alipoondoka ukapanda kitandani wewe mwenyewe, mimba ya miezi saba. "Haya, na mimi nimwone wa kwangu." Nilikupima kwa mkono wangu. Upande wa nyuma kulikuwa na giza. Nililiona, Rehema.

"Hapo mbona peusi?"

"Ni mbali tu, dada. Hamna kitu."

Ulikuwa umepanga kwenda Kiomboi kupimwa kwa mashine kubwa. Ukaghairi, ukasema kazi ni nyingi. Mkunga wa miaka yote ile, ukaniamini mimi!

Damu ilipoanza kukutoka, shemeji alihangaika kutafuta gari, akalipata baada ya saa nyingi. Mkafika hospitali, wakakupasua, wakawakosa wote wawili, wewe na mtoto. Daktari akatuambia kondo lilikaa upande wa nyuma, limeziba njia ya mtoto. Nilijua palepale ni wapi.

Msibani maneno hayakukawia: mume kazubaa, mwenye akili angetafuta gari mapema. Mama ndiye aliyeyasema kwa sauti, shemeji akiwa anasikia. Na mimi nimekaa mkekani, kimya. Aibu iliyoje! Nikanyamaza miezi minne, mwanamume wa watu akikonda, haji tena kumsalimia mama, mwenyewe ameshaamini kwamba ndiye aliyekuua.

Juzi nimewaambia wenzangu kazini. Walikuwa tayari kutengeneza mashine nyingi. Kazi imesimamishwa, nao hawasemi nami. Barua hii naiacha wazi, waisome.

Leo nimekwenda Misigiri kwa mumeo. Nilimkuta uani anapepeta alizeti. Nikamweleza yote. Akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo angekwenda Kiomboi..."

"Wangeliona, shemeji. Wangempangia upasuaji mapema."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Kamwambie mama yenu. Usimtume mtu." Kesho asubuhi nakwenda. Naogopa, dada, naogopa sana, maana sina mama mwingine.

Nilipokuwa naondoka akaniita. Akatoa simu, akanionyesha ile picha niliyomtumia siku niliyokupima, uso wa mtoto wenu kwa upande, pua na paji.

"Na huyu? Mashine yako ilimwona kweli, au naye ni makosa?"

Nikamwambia alikuwa wa kweli. Mfupa unarudisha mwangwi mkubwa, hata mashine yangu isingeukosa. Akakaa chini, pale pale kwenye alizeti, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tuwazike.

Pumzika, dada. Msamaha sikuombi, sina uso huo.

Mdogo wako