Wimbo wa Lugha Tusiyoijua

Mjukuu wangu Tusekile,

Wengi wakisikia redioni lugha wasiyoijua huhamisha stesheni papo hapo, wakidhani wimbo huo hauwahusu. Nami nilikuwa hivyo.

Ndaga fijo, asante sana kwa salamu zako. Hapa Kawetele mvua haijakata, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza kama uache kuimba wimbo wetu wa Kinyakyusa kwenye mahafali, kwa kuwa huko Dodoma hakuna atakayeuelewa.

Nikiwa kijana, siku moja nilikuwa natafuta stesheni kwenye redio ya baba, mama akichambua maharage. Akasikika mwanamke wa nchi ya mbali akiimba. Nikataka kuhamisha.

"Acha hapo!" mama akasema. "Huyo amefiwa."

"Kwani lugha yake unaijua?"

"Misiba naijua. Msikilize anavyovuta pumzi."

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akaeleza kwa Kiingereza kwamba ni wa kubembeleza mtoto. Nikacheka. "Kumbe analaza mtoto, mama!"

"Basi mtoto mwenyewe anaumwa," akajibu bila kuinua macho. "Hata wewe nilikuimbia hivyo hivyo ulipougua surua."

Kicheko kikaniishia. Mama alikosea maana ya maneno, lakini alimsikia yule mwanamke kuliko mimi niliyejua Kiingereza. Tangu hapo nikawa nazisikiliza stesheni za mbali, kila wimbo hadi mwisho.

Watakaokusikiliza hawataelewa kila neno, na wengine watakosea kabisa. Waache wakosee. Babu yako nakuomba: nenda leo kwa mwalimu wa kwaya, umwambie utauimba.