Filamu ya Tano Kwenye Kopo la Biskuti

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za wanao wa huku, ambao wamerefuka hadi suruali za mwaka jana zimekuwa kaptula. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Msalimie sana mumeo, na umwambie avae miwani yake anapochomelea vyuma, asijifanye kijana. Sisi hapa afya tunayo. Akili ndiyo sina uhakika nayo, maana tangu Jumamosi nawachoma watu sindano mara mbili mbili, na wewe unajua kazi yangu pale maabara ni kutoa watu damu.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeacha kwa sababu ungenikata katikati, kama unavyofanya kila nikimtaja Baba, na safari hii nataka nifike mwisho. Basi kaa chini. Ukikasirika kabla hujamaliza, weka karatasi pembeni, unywe maji, kisha urudi.

Nilikuandikia kwamba tunatoa vitu vya Baba kwenye studio yake ya picha, kwa kuwa mwenye nyumba anataka chumba chake. Nyuma ya kabati la dawa nimekuta kopo la biskuti limezungushiwa utepe mweusi. Ndani mlikuwa na filamu tano ambazo Baba hakuwahi kuzisafisha, kila moja imefungwa kwa karatasi nyeusi na kuandikwa namba kwa chaki. Unaukumbuka ubahili wake: alinunua filamu ndefu, akaikata mwenyewe na kuijaza kwenye vikopo vya zamani vilivyochoka vifuniko, vinavyopitisha mwanga. Ndiyo maana alikuwa na sheria yake moja, kwamba karatasi ile haifunguliwi ila gizani. Aliyeifungua kwenye mwanga, hata kwa kuchungulia tu, alisemwa wiki nzima.

Shemeji yako alishauri niwape mafundi wa mjini wazisafishe. Nikamwambia mkono wa mgeni hautagusa vitu vya Baba wakati binti yake yupo. Maneno makubwa hayo! Nikanunua dawa, nikatoa lile tangi lake la plastiki linalobeba filamu mbili kwa mara moja, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikaliteka bafu. Nilitundika blanketi mlangoni, nikaziba dirisha kwa gunia, na chini ya mlango nikasukumia taulo. Shemeji yako akagonga mara mbili akiuliza kama nitatoka leo. Nikamjibu kwamba majirani nao wana choo.

Filamu mbili za kwanza zilinitoa jasho. Gizani vidole vilisahau kila kitu, filamu ikakwama kwenye kigurudumu cha kuizungushia, nikaitoa nikaanza upya. Baada ya hapo mwili ukakumbuka wenyewe: dawa ya kutokeza picha dakika tisa, tangi unalipindua taratibu, unasuuza, unatia dawa ya kukazia, unasuuza tena mpaka vidole vinakufa ganzi. Nilipozitundika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio nilicheka peke yangu. Zote ni picha za vitambulisho. Yumo yule muuza mitumba aliyekataa kuvua kofia, na mwalimu wako wa hesabu amefumba macho katika picha nne mfululizo.

Ya tatu na ya nne nilizisafisha pamoja. Ya tatu ilikuwa tupu. Nadhani mzee aliisahau. Ya nne, dada, ndiyo iliyonikalisha kwenye ukingo wa beseni. Ina picha sita tu. Nilidhani ni nyumba ya mteja, mpaka nilipoona lile geti lenye ndege wawili wa chuma wanaotazamana. Duniani kuna geti moja tu la namna hiyo, na mumeo ndiye aliyelitengeneza. Baba alikuja kwako. Alisimama ng'ambo ya barabara akalipiga picha geti lako limefungwa, mara tano. Katika ya sita unaonekana wewe kwa mgongo, unaingia na kikapu. Hakuna picha ya saba. Kumbe ile safari aliyotuambia anakwenda kununua karatasi za picha, akarudi siku ya pili mikono mitupu akidai duka lilikuwa limefungwa, duka lenyewe lilikuwa wewe.

Nililia kidogo, kisha nikaendelea na ya tano, maana dawa ikishachanganywa haisubiri kilio. Gizani niliona karatasi yake ni nene kuliko za wenzake. Ndani ya ile nyeusi mlikuwa na kijikaratasi kingine, kimekunjwa mara nne na kuzungushwa kwenye kikopo. Nikadhani ni takataka tu ya kukaza, nikakiangusha sakafuni.

Nilipokwisha kuisafisha, niliifungua ile filamu ikiwa bado inachuruzika maji. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi tii, na unajua kwenye filamu weusi ni mwanga uliozidi. Lakini mwanzoni kabisa, mahali palipokuwa pamefunikwa na mizunguko mingine, picha kumi na moja zimepona, zimeungua kingoni tu. Nikaiinua kwenye taa. Nikakuona wewe, dada, na gauni lako la harusi, umekaa kwenye kiti cha jikoni unafungwa kamba za viatu.

Hii ndiyo filamu ambayo Baba alikwambia jioni ile ile kwamba imeungua, na kwamba kosa ni lake. Filamu moja tu ya siku nzima, kwa kuwa alisema mtu mwenye macho hahitaji mbili. Nawe ukamwambia mbele ya watu kwamba ameichoma makusudi, kwa sababu tangu mwanzo hakumtaka fundi wa vyuma. Ukaondoka, na miaka ishirini na moja hukumsemesha, hata kumzika hukuja.

Sasa itazame picha ya nne. Haikupigwa na Baba, maana mwenyewe yumo. Amemshika mumeo mkono kwa mikono yake miwili, kichwa kimekwenda nyuma, anacheka mpaka pengo la jino lake lililong'oka linaonekana. Je, huyo ni mtu asiyemtaka mkwewe?

Nilipoinama kupangusa maji ndipo nikakiokota kile kijikaratasi. Wino umesambaa kidogo lakini mwandiko ni wake, zile herufi zinazolala. Kimeandikwa: Isisafishwe mpaka mwenyewe aseme.

Dada, mwenyewe ni mimi.

Siku ile Baba aliiacha kamera kwenye kiti cha barazani akaenda kunawa mikono. Nilikuwa na miaka ishirini, nimevaa gauni la kushona na viatu vya kuazima, na nilitaka kwa kila hali nipigwe picha peke yangu kabla wale vijana wa upande wa bwana harusi hawajaondoka. Nikataka kujua kama filamu imebaki. Nikafungua mgongo wa kamera kwenye jua la mchana. Nilipoiona filamu imenyooka pale ndani nikaufunga haraka, nikajiambia ni sekunde mbili tu. Mimi, binti wa mpiga picha!

Baba aliporudi aliitazama kamera kwa juu, akatutazama watu wa barazani mmoja mmoja, akamalizia kwangu. Sikuelewa alichokiona. Jumamosi bafuni ndipo nilipoelewa. Kamera ile ukiifungua mgongo, namba inayohesabu picha inarudi sifuri. Nimelijua jambo hilo tangu utotoni na sikuwahi kulifikiria. Alijua palepale. Ulipomshambulia jioni nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika shada lako, na sikufungua mdomo. Nilisema moyoni nitasema kesho.

Nakwambia ukweli, nimemkasirikia Baba pia. Kwa nini aninyamazie miaka yote hiyo? Angenichapa kofi la hadharani yakaisha. Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko hilo. Miezi ile ya mwisho, nilipokuwa namlisha na kumgeuza kitandani, kila siku kabla sijazima taa aliniuliza kama nina neno. Nikidhani anauliza habari za vipimo vyake, nikamjibu hapana Baba, pumzika. Kila siku, dada. Hata ile siku ya mwisho aliniuliza, na nikamjibu vilevile.

Kwa hiyo hata safari hii nimeharibu utaratibu wake. Aliagiza niseme kwanza, ndipo isafishwe. Nimesafisha kwanza, na ndiyo nasema sasa, kwako, kwa kuwa yeye hayupo wa kunisikia. Hukukosana na Baba kwa kosa lake. Ulikosana naye kwa kosa langu, naye akalibeba mpaka kaburini.

Ndani ya bahasha nimekuwekea vile vipande vya filamu, picha kumi na moja za harusi na sita za getini, pamoja na kile kijikaratasi. Vishike kwa pembeni na uvitazame dirishani. Sitakuomba uniandikie upesi, wala sitahesabu siku. Ukitaka kuja kumwona Baba alipolazwa, nitakuonyesha njia kisha nirudi nyuma nikuache naye.

Wabusu watoto. Mwambie mumeo alichekewa kwa furaha siku ile, ushahidi anao mkononi.

Ni mimi mdogo wako, uliyenipa jina tukiwa wadogo kwa kuwa nilikuwa nagusa kila kitu,

Kidole