Ngazi ya Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Baba Pacha katoka hospitali leo. Siku tisa tangu apatwe na mshtuko wa moyo. Amekonda, shati linampwaya. Nesi wa wodi ya moyo alituketisha wote wawili. Kwake sigara basi, hata moja. Kisha akanigeukia — na wewe, mama? Nikasema mbili tatu kwa siku. Mume wangu akatazama dirishani. Anajua ni pakiti. Nesi akasema mimi nikiendelea, yeye hatamaliza mwezi bila kuzirudia. Tumetupa zote. Na vibiriti.

Jumatano, 5 Machi

Yeye kabandika plasta yake ya nikotini, katulia. Anayehangaika ni mimi. Nimeshona mkono wa gauni la mteja ndani nje.

Jumamosi, 8 Machi

Miaka ishirini na sita. Kila jioni, ngazi ya mlango wa nyuma, sigara mbili. Hapo ndipo tulipochagua majina ya mapacha. Hapo ndipo aliponiambia karakana imemwachisha kazi. Hapo ndipo alipolia siku alipomzika mama yake. Ndani ya nyumba hatukuwahi kuzungumza, tuliagizana tu — chumvi, funguo. Sasa jioni ikifika anakaa sebuleni na taarifa ya habari.

Nimemkumbuka. Na yuko hapo hapo, nikinyoosha mkono namfikia.

Jumanne, 11 Machi

Nesi kapiga simu, kama alivyoahidi. Hajagusa sigara, nikamwambia. Akafurahi. Nikasema nyumba imekuwa kimya. Akafikiri kidogo, akanishauri tukae pale pale tulipozoea, mikono mitupu, tuone. Sijamwambia mume wangu. Naona haya, kama binti anayemtongoza mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimevuta. Moja, mchana, nyuma ya duka la vitambaa. Nikasukutua mara tatu, nikanawa hadi viwiko.

Kurudi, namkuta Baba Pacha kwenye ngazi peke yake. Kaacha nafasi upande wangu. Nikakaa.

"Umevuta," akasema.

Nikakubali. Nikasubiri maneno. Akasogea, akaegemeza uso kwenye nywele zangu, akavuta pumzi taratibu, akabaki hivyo hivyo. Tangu atoke hospitali alikuwa hajanigusa. Machozi yakanitoka.

Sijui alikuwa ananitafuta mimi au moshi.

Nikasema naenda kuoga. Nimejifungia chumbani, naandika haraka haraka, taulo begani. Anagonga mlango. Sauti yake ya chini, ile ya pale kwenye ngazi.

"Mama Pacha, usioge kwanza."

Sijafungua.